Saba na Moja

Siku tulipoambiwa kwamba sisi wakufunzi nasi tutafundishwa kufundisha, nilicheka kwa sauti mpaka Mkuu wa Chuo akavua miwani akanitazama. Sikucheka kwa furaha. Nilicheka kama mtu anayeambiwa akajifunze kutembea ilhali ameshazeekea njiani. Miaka ishirini na sita nilikuwa nimesimama mbele ya ubao wa chuo kile cha ualimu, nikiwafundisha hisabati watu ambao nao wangekwenda kuwafundisha watoto. Nikajiuliza: mwalimu wa walimu atafundishwa na nani? Sikujua kwamba neno hilo dogo, nani, lingeninyima utulivu wiki nzima, na baada ya wiki hiyo, kila siku niliyobakiza.

Chuo chetu kiko juu ya mlima ambao ukungu hauuachi. Jina la mji sitalitaja. Wanaoujua wanaujua, na wasioujua wataukuta kwao. Asubuhi ukungu uliingia madarasani kama mwanafunzi aliyechelewa, ukakaa viti vya nyuma, na ulipotoka hatukuwa na hakika kama mchana ule ni wa jana au wa leo. Kengele ililia kwa saa inazozijua yenyewe. Kulikuwa na mihula iliyopita kwa siku tatu, na ipo Jumatatu moja ninayoikumbuka ambayo ilichukua mwaka mzima. Nilishaizoea hali hiyo. Mtu akishika chaki muda mrefu, wakati humtenga: kila mwaka zinakuja nyuso mpya kwenye viti vilevile, na nyuso zote zina miaka ishirini, ishirini na mmoja, basi. Anayezeeka ni yeye peke yake. Tena hajui, kwa sababu kioo chake ni wale vijana.

Naitwa Kasiano Lihawa. Wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya mitihani. Maana yake ni kwamba kalamu nyekundu ya mwisho ilikuwa yangu.

Wiki moja kabla ya mafunzo hayo nilikuwa nimemfelisha mwanafunzi aitwaye Udamasi. Alitoka tambarare ya chumvi, mwendo wa siku mbili kwa basi kutoka mlimani kwetu, na hakuna mwanamke wa kwao aliyewahi kuingia chuo chetu kabla yake. Alikuwa mke wa mtu, amewapita wenzake umri, mrefu, mkimya. Sikupata kuyaona macho yake. Kila nilipomsemesha aliyapeleka chini, na mimi nililichukulia jambo hilo kuwa ni dharau, au ujinga, kutegemea nilivyoamka.

Jaribio lake la tatu la kufundisha kwa vitendo lilikuwa mbele ya watoto wa darasa la tatu wa shule ya mazoezi. Aliandika ubaoni: 4 × 2. Mtoto mmoja akanyoosha kidole akasema, "Nane." Udamasi akatikisa kichwa kukubali, akampongeza, lakini jibu hakulirudia.

Nikiwa nyuma ya darasa nikamwambia, "Rudia jibu, mwalimu, wote wasikie."

Akanyamaza.

"Nne mara mbili ni ngapi?"

"Ni saba na moja," akasema.

Watoto wakaangua kicheko. Nikamuuliza tena, kwa sauti ya polepole ile tunayowasemea wagonjwa. Akajibu tena, macho yakiwa sakafuni: "Saba na moja, mwalimu."

Nikaandika kwenye fomu: *Hajui hesabu. Hafai kufundisha.* Nikatia saini. Nilikuwa nimemfelisha mara mbili kabla ya hapo kwa kosa lilelile, na kanuni ya chuo ilisema anayefeli mara tatu huondolewa. Bodi ingekaa Ijumaa mchana kuthibitisha. Mafunzo yetu yalianza Jumatatu ya wiki hiyohiyo.

Nakiri kwamba Jumatatu ile Udamasi hakunipitia akilini hata kidogo. Ndivyo ilivyo kwa mwenye kalamu. Anayeandikwa ndiye anayekumbuka.

*

Mwezeshaji aliitwa Bi. Kokuhirwa. Tulitarajia mtu mwenye suti na mashine ya kuangaza picha ukutani. Akaja mwanamke mfupi mwenye mkoba wa kitambaa, sauti yake ya chini kiasi kwamba tulilazimika kuacha kunong'ona ili tumsikie. Bwana Hizza, Mkuu wa Chuo, alisoma barua iliyotoka juu: wakufunzi wote thelathini na wawili watapewa mafunzo ya siku tano ya ufundishaji jumuishi unaozingatia utamaduni wa mwanafunzi. Alilisoma fungu hilo la maneno kama mtu anayetafuna nyama yenye mfupa, akakaa.

Bi. Kokuhirwa hakujieleza. Aliuliza, "Walimu wangu, mwanafunzi wako wa mwisho kunyamaza ulipomuuliza swali, alinyamaza kwa nini?"

Tukajibu kwa zamu. Aibu, alisema mmoja. Uvivu. Hakusoma. Lugha inampiga chenga. Mimi nilisema, "Hakujua jibu. Anayejua husema."

"Mmejuaje?" akauliza.

Ukumbi ukawa kimya. Ukungu ulikuwa umefika dirishani. Alisubiri muda mrefu, akitutazama mmoja mmoja bila haraka, kisha akachukua daftari lake.

"Basi na ninyi mmenyamaza," akasema. "Niandike nini? Wavivu?"

Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Kitu fulani kilinigusa hapa, chini ya kifua, kama punje ya mchanga ndani ya kiatu, na tangu dakika ile sikuweza kukaa. Niliinuka kunywa maji bila kiu. Nilitoka nje nikarudi. Kesho yake vilevile. Aliongea habari za watoto wanaohesabu kwa vifundo vya vidole, wanaofundishwa kwao kwamba kumjibu mkubwa haraka ni utovu wa adabu, wanaosikia kwa sikio moja, wanaoona herufi zikiogelea. Nilimwambia mkufunzi aliyekaa jirani yangu kwamba mbili na mbili ni nne hata tambarare, hata mlimani, na hesabu haina kabila. Akakubali. Nikarudia mara ya pili ijapokuwa alishakubali.

Kwa nini mtu hurudia jambo alilokubaliwa? Nililitembeza swali hilo kwenye ukumbi mrefu wa chuo jioni ya Jumanne, toka mlango wa mashariki hadi wa magharibi. Milango ya madarasa ilikuwa wazi na kila darasa nililopita nilijiona nimo ndani, nimeupa ubao uso na watu kisogo, nina nywele nyeusi katika moja, mvi katika jingine, sauti ni ileile. Nilijisikiliza. Nilikuwa nasema kweli tupu katika kila darasa. Na katika kila darasa kulikuwa na mtu mmoja ambaye kweli yangu ilimpita juu ya kichwa kama ndege, naye akainama.

Nani alinipa madaraka haya? Sijui. Nilipokelewa, nikapewa chaki, basi. Aliyenipa alipewa na mwingine. Ukifuata mnyororo huo nyuma, pete kwa pete, utafika kwa mtu wa kwanza aliyesimama wengine wakakaa. Yeye aliambiwa na nani asimame?

*

Jumatano Bi. Kokuhirwa alitukalisha kwenye madawati ya wanafunzi. Akasema leo hatafundisha yeye. Ameomba kwa wanafunzi mtu mmoja anayejua lugha ambayo hakuna mkufunzi anayeijua, na mtu huyo atatufundisha kuhesabu kwa lugha hiyo, asubuhi nzima, bila kutamka neno letu hata moja. Mwisho kutakuwa na mtihani.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Udamasi.

Hakunitazama. Lakini siku hiyo hakumtazama yeyote, na kutotazama kwake kulikuwa na urefu, kama mtu anayetembea nyikani akijua aendako. Akafungua kitambaa akamwaga mezani mabonge ya magadi, meupe, kumi. Akaanza.

Sitasema alifundisha vibaya. Alifundisha vizuri kuliko wengi wetu. Aliinua bonge, akatamka neno, tukarudia. Alipiga makofi kwa mwendo fulani, neno likakaa ndani ya makofi. Kwanza alitugawia majina, kwa sababu majina yetu, ilionekana, yalikuwa magumu mdomoni mwake, au alitaka tujue namna wanafunzi wetu wanavyobatizwa kwa mkato. Mimi nilikuwa Gidamuri. Aliponiita mara ya kwanza sikugeuka. Mara ya tatu niligeuka. Mara ya tano nilishaanza kumtafuta ndani yangu huyo Gidamuri, na alikuwepo, na alikuwa mtu mwoga.

Maneno yalikuwa na sauti zinazotoka kooni, mahali ambapo mimi sina kitu. Wenzangu wakaenda, mimi nikabaki. Wakawa wanacheka nikikosea, yeye hakucheka. Aliniuliza jambo kwa sentensi ndefu nikasikia ndani yake jina langu jipya tu, limeelea juu ya maji nisiyoyajua. Jibu nililijua! Hili ndilo nililotaka kulipigia kelele. Mezani yalikuwepo mabonge sita. Mimi mtu wa hisabati nishindwe kuona mabonge sita? Lakini nilichokijua hakikuwa na mdomo. Nikainama. Nikatazama sakafuni, na nilipotazama nikaona miguu yangu haifiki chini. Inaning'inia. Ni miguu midogo yenye vumbi, haina viatu, na dawati limekuwa kubwa, na juu yangu amesimama mtu mrefu anayesubiri jibu. Niliwahi kuwa hapa. Nilikuwa na miaka saba. Nililia siku ile nilipofika nyumbani, nikaapa kwamba nikikua nitakuwa mimi ndiye niliyesimama.

Kumbe kiapo kinatimia. Hicho ndicho kibaya cha viapo.

Kengele ikalia, miguu ikanirudia. Tulifanya mtihani. Udamasi alisahihisha, akampa karatasi Bi. Kokuhirwa, naye akasoma matokeo kwa sauti yake ya chini, jina kwa jina. "Gidamuri. Mawili kati ya kumi. Hajui kuhesabu."

"Najua kuhesabu!" nikasema.

"Karatasi haionyeshi, mwalimu."

Watu wakacheka, kicheko cha mchezo, na ningeweza kucheka nao mambo yakaisha. Sikuweza. Siku tatu za mchanga kwenye kiatu zilinipanda kichwani. Nilisimama nikamnyooshea kidole yule mwanamke. "Anahukumu nani? Huyu? Huyu mwenyewe nane haijui! Muulizeni nne mara mbili. Mimi nimemfelisha, na Ijumaa anaondoka!"

Kicheko kilikatika. Udamasi alikuwa anakusanya magadi yake. Mikono ikasimama palepale. Nadhani ndipo alipojua kwamba habari za Ijumaa ni kweli. Alikuwa amezisikia kama tetesi, na mimi nikamtangazia mbele ya watu thelathini.

Bi. Kokuhirwa hakukasirika. "Umemuuliza?" akanisemesha.

"Mara tatu nimemuuliza!"

"Umeuliza jibu. Muulize yeye."

Sikujua namna ya kufanya hivyo. Naandika hili bila kujisitiri: nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, na sikujua namna ya kumuuliza mwanafunzi jambo ambalo mimi mwenyewe sina jibu lake. Hatimaye nikasema, na sauti haikuwa yangu, "Mama, lipo neno usiloweza kulisema?"

"Lipo," akajibu.

"Kwa nini?"

"Ni la baba," akasema. "Baba aliyemzaa mume wangu. Jina lake limeanza na sauti hiyo. Kwetu mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe wala neno linaloanza kama hilo. Lugha yoyote. Ukitamka umemvua nguo mbele ya watu. Alifariki mwaka nilioanza chuo, ndiyo kabisa halitamkiki. Kwetu tuna maneno mengine ya wake, ya kuzungukia. Kwa lugha ya shule hakuna aliyenipa, nikatengeneza mwenyewe. Ile namba nasema saba na moja. Lile tunda lenye miba kichwani nasema tunda la miba. Na mtu akibisha hodi, lile neno la kuuliza, silisemi. Nasema, 'Mtu gani huyo?'"

Nilihesabu ndani ya kichwa: nane, nanasi, nani. Saba na moja ni nane. Ni nane mlimani, ni nane tambarare, ni nane popote. Alikuwa amenipa jibu sahihi mara tatu, mbele ya watoto waliomcheka, na mara tatu nikaandika kwamba hajui hesabu. Mimi ndiye niliyesema hesabu haina kabila.

"Mbona hukueleza?" nikamuuliza.

Kwa mara ya kwanza aliinua macho, si kwangu, bali kwenye dirisha lililokuwa pembeni yangu. "Mkubwa hajauliza," akasema.

*

Alhamisi nilikwenda kwa Mkuu wa Chuo kabla ya vipindi. Bwana Hizza ni mtu mwema; nasema hivyo kwa sababu ubaya wa siku ile haukuwa wake peke yake. Nilimweleza yote. Alinisikiliza akipanga rula zake.

"Alama zimeshapelekwa, Mwalimu Kasiano. Ukizigeuza sasa itaonekana ulikosea."

"Nilikosea."

"Wewe ni mwenyekiti wa mitihani. Ukikosea wewe, chuo kimekosea. Chuo hakikosei." Akashusha sauti. "Na jina lako liko kwenye orodha ya wanaofikiriwa kuwa makamu wangu. Unajua hilo. Malizia miaka yako kwa amani. Huyu mama akirudi kwao hatakuwa wa kwanza kuondolewa."

"Hatakuwa wa kwanza," nikasema. Ni kweli alilosema, na ndilo lililonitia baridi. Nilitoka nikazunguka uwanja wa chuo ndani ya ukungu mpaka sikuujua mlango niliotokea.

Nilikuwa nikiwaza: chuo ni nani? Si Hizza, maana yeye naye anaogopa barua. Si bodi, kwani bodi hukaa mara mbili kwa mwaka, ikala, ikatia saini. Si mimi, nitasema. Kila mmoja wetu akiulizwa ataonyesha mlango wa pili. Na bado yupo mtu anayeandika *hafai*, mkono wake unaonekana, wino wake ni mwekundu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya hesabu maisha yangu yote, kwa kuwa hesabu haina mwenyewe. Mtu akikosa hesabu, nilisema, si mimi niliyemkosesha, ni ukweli. Ukweli nilikuwa nimeufanya askari wangu wa mlangoni.

Ijumaa bodi ilikaa. Watu saba, meza ndefu, chai. Jina la Udamasi lilikuwa la nne kwenye orodha ya kuondolewa, na mwenyekiti wa bodi, mzee wa sauti nene ambaye nilikuwa nikimheshimu, alikuwa ameshafungua kalamu. Nikaomba kusema.

"Alama ile ni ya uongo," nikasema. "Niliiandika mimi."

Bwana Hizza alifumba macho. Nikawaeleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza swali la haki: "Sasa, mwalimu, akipelekwa kufundisha shule ya nchi hii, watoto watajifunzaje namba ambayo mwalimu wao haisemi? Tutabadilisha mtaala kwa ajili ya mkwe wa mtu?"

"Sijui," nikajibu. "Tumuulize."

Wakamwita. Alisimama kwenye kizingiti, kanga mabegani, akasalimia, macho chini. Mzee akamrudia swali lake. Udamasi hakusita hata kidogo. Ilionekana swali hilo alikuwa nalo tangu siku alipofunga mzigo kuja mlimani.

"Watoto ndio wataisema," akasema. "Mimi nitaionyesha. Nikisema mimi, wao wananisikia. Wakisema wao, wanajua. Siku ile kulikuwa na mtoto ameshaijibu, alikuwa sawa, nikampongeza. Mwalimu alitaka jibu lirudi kwangu."

Bodi ilibishana karibu saa nzima. Mwisho waliamua arudie jaribio Jumatatu, mbele ya wasahihishaji wawili ambao si mimi. Kuhusu mimi waliamua pia, kwa maneno machache: nisiwe tena mwenyekiti wa mitihani, na jina langu litoke kwenye ile orodha nyingine. Nilipokea. Ningependa kusema nilihisi wepesi. Nilihisi kama mtu aliyevuliwa koti lililomkaa miaka mingi: baridi, na aibu ya shati lililo chini yake.

Nilimkuta Udamasi nje, akikausha kiatu chake ukutani. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeyaandaa maneno, mazuri, marefu. Alisubiri nimalize.

"Nimekusikia, mwalimu," akasema. "Lakini wenzangu wananiambia umenihurumia. Huruma sikuitaka. Nilitaka uhesabu tu."

Jumatatu nilitazama kupitia dirisha la darasa la tatu, nje, nikiwa nimesimama kwenye majani mabichi kama mzazi. Aliinua vidole vinne vya mkono mmoja na vinne vya mwingine. "Tuambieni," akasema. Na darasa zima likapiga kelele, "Nane!" Akabadilisha vidole, akaleta mabonge, akaleta watoto wenyewe mbele, wanne wanne, na kila mara wao ndio walioipiga ile kelele, mpaka mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, tena ni saba na moja! Tena ni sita na mbili!" Wengine wakaanza kutafuta njia zao. Ukungu ulikuwa haujashuka. Nilisikia neno lile likisemwa mara nyingi kuliko nilivyowahi kulisikia kwa asubuhi moja, na yeye yuko katikati, kimya, anaonyesha.

Alifaulu. Alipomaliza mwaka alipangiwa shule ya tambarare, na wanasema yuko huko hadi leo.

*

Mimi ndiye niliyeshindwa kupumzika. Bi. Kokuhirwa aliondoka na mkoba wake akatuachia vyeti. Wenzangu waliviweka kwenye mafaili. Mimi nilikwenda stoo ya chuo, nikayatoa madaftari ya matokeo ya miaka ishirini na sita, nikawatafuta wote ambao mbele ya jina lao niliandika neno *hajui*. Walikuwa arobaini na watatu. Sura za wengi hazikunijia. Likizo ya kwanza nilichukua jina la juu kabisa, Ambokile, nikauliza huku na huko, nikaambiwa ana mashine ya kusaga nafaka kijiji cha upande wa pili wa mlima.

Nilimkuta. Mtu mzima sasa, kope nyeupe kwa unga, mashine inanguruma mpaka ukuta unatetemeka. Nilisimama mlangoni nikaita; hakusikia. Nikaita tena. Aligeuka kwa bahati, akaniona, akanijua papo hapo. Mimi nisingemjua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hizi kelele unazivumiliaje?"

Alinitazama mdomoni nilipokuwa nikisema, akatabasamu. "Hazinisumbui. Masikio yangu yalikwisha tangu utoto. Homa ya uti wa mgongo. Nasoma midomo."

Niliketi juu ya gunia la mtu. Nikakumbuka darasa, mwaka wangu wa kwanza, ubao mpya, na mimi nikiandika huku naongea, naongea huku naandika, kisogo kimewaelekea. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia, mwalimu. Mara mbili. Ulikuwa unaandika."

Alinyoosha mkono akazima mashine. Sijui kwa nini, maana kwake haikuwa na tofauti. Labda kwa ajili yangu. Kimya kikaingia na vumbi la unga likaanza kushuka juu yetu wote wawili, taratibu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilianza. Nilisema nimekuja kumwomba radhi, nilisema nilikuwa kijana, nilisema sikujua, na nilipofika hapo nikaona ameinama mbele yangu, amekunja uso, anajitahidi.

"Mwalimu," akasema, "sioni unachosema. Inua uso."

Nikainua uso, nikaanza upya.